Kiwanja kikisubiri hela, kipandwe mti

Pita Moshi siku hizi, kuanzia Soweto na Rau hadi viwanja vipya vinavyopanda kuelekea Kibosho na Uru, utaona jambo lile lile. Mtu ananunua kipande cha kihamba cha zamani, yaani shamba la ukoo la Wachaga lenye miti na migomba, na kazi ya kwanza ni msumeno. Mringaringa unaangushwa, mfuruanje unaangushwa, na msesewe ukiwepo nao hausalimiki. Zinafuata tofali, geti la chuma, na uwanja unatandikwa vitofali vya saruji kutoka mlangoni hadi ukutani. Nyumba ikishapakwa rangi ndipo anaitwa kijana wa bustani aje apande bogenvilia. Baada ya muda ukuta unawaka zambarau, wapita njia wanasifu, na mwenye nyumba anaamini eneo lake sasa lina kijani.

Mimi naona amepoteza kikubwa, na amekipoteza bila hata kukipigia hesabu.

Bogenvilia yenyewe siichukii, na nitaipa haki yake. Asili yake ni Amerika ya Kusini. Mtaalamu wa mimea Mfaransa, Philibert Commerson, aliikuta Rio de Janeiro mwaka 1767, katika safari ya kuizunguka dunia iliyoongozwa na Louis-Antoine de Bougainville, na jina la mkuu wa msafara likabaki kwenye ua. Aliyemsaidia Commerson kukusanya mimea ni Jeanne Baret, mwanamke aliyevaa nguo za kiume ili apande meli ya jeshi la Ufaransa ambayo wanawake walikatazwa. Namtaja makusudi, kwa sababu husahaulika mno, naye ndiye mwanamke wa kwanza anayejulikana kuizunguka dunia.

Ule mng'ao tunaousifu si wa ua. Ni majani laini yenye rangi, matatu matatu, yanayozunguka vijiua vyembamba vyeupe ambavyo wengi hawajawahi kuviangalia. Kwa kuwa ni majani, rangi hudumu muda mrefu. Kisha bogenvilia hupenda shida. Januari na Februari, jua la Moshi linapochoma na bustani nyingine zimesinyaa, yenyewe ndiyo kwanza inachanua. Ukiimwagia maji kila jioni na kuirundikia mbolea, itakupa majani ya kijani na rangi kidogo. Unaipata kwa tawi la kuomba kwa jirani. Kwa ukuta mkavu unaoelekea jua, sijui mmea unaoishinda.

Lakini ni mmea wa kuegemea. Hupanda kwa miiba yake, ukining'inia kwenye chochote kilicho karibu, uwe ukuta, nguzo au mti. Ukiijengea kichanja cha mabomba itakupa kivuli cha kuweka viti viwili vitatu, na hapo utakuwa umejiandikisha kuikata mara kwa mara maisha yako yote. Matawi yaliyokatwa yasipookotwa vizuri huishia barabarani, na vijana wa bodaboda wanajua yanavyofanya kwenye matairi.

Sasa tuje kwa mringaringa. Asiyeujua ajue kwamba ni mti wa hapa hapa Afrika, wenye majani mapana, maua meupe yanayojaa matawini, na matunda madogo ya njano yanayonata ambayo watoto hula wakitoka shule. Ukichanua unasikia nyuki kabla hujainua macho. Mbao yake ni ya rangi ya kahawia yenye wekundu, na mafundi seremala huipenda kwa vitanda, makabati na milango. Mizinga ya nyuki huchongwa kutoka kwenye gogo lake, na ngoma pia. Kiangazi kikibana, mbuzi wa zizini hukatiwa majani yake. Yanayoanguka yenyewe huoza chini ya migomba na kuwa mboji.

Na kivuli chake kina kazi mbili. Kuzuia jua ni ya kwanza. Ya pili ni kwamba majani hutoa unyevu hewani, na kitendo hicho hupoza hewa inayokuzunguka, ndiyo maana kukaa chini ya mti ni tofauti kabisa na kukaa chini ya bati, hata kama vyote viwili vimekukinga na jua. Moshi mjini tuko chini kuliko Arusha, joto letu la Februari si la mchezo. Halafu tunakata miti, tunatandika saruji, tunanunua feni, na umeme ukikatika tunakaa barazani tukijipepea kwa magazeti.

Wazee waliotengeneza vihamba hawakusoma haya darasani, ila waliyajua. Hawakufyeka msitu wote ndipo waanze kupanda. Waliacha miti yenye faida ikae juu, migomba ikaingia chini yake, baadaye kahawa chini ya migomba, na magimbi na maharage yakafuata chini kabisa. Mfuruanje, ambao wengine huuita mruka, ulipendwa kwa kuwa kivuli chake ni chepesi na mizizi yake hurutubisha udongo kwa naitrojeni. Msesewe ulikuwa na kazi yake kwenye mbege, pombe ya ndizi, kwa maganda yake machungu. Kila mti uliobaki ulikuwa na sababu ya kubaki. Mfumo huu ndio uliofanya kihamba cha Shimbwe Juu kitambuliwe na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa mwaka 2011 kuwa urithi wa kilimo wa dunia.

Ninaposema haya, wapo wanaodhani nachukia mmea kwa sababu ni wa kigeni. Hapana. Kahawa aina ya Arabika asili yake ni Ethiopia, na huku Kilimanjaro ililetwa na wamisionari mwishoni mwa karne ya 19. Ndizi chimbuko lake ni Asia. Parachichi limetoka Amerika, jakaranda zinazopamba mitaa ya Arusha na Moshi zimetoka Amerika ya Kusini, na grevilea iliyojaa mashambani ni ya Australia. Kihamba kimepokea wageni miaka yote. Ila kiliwapokea chini ya miti ya mwenyeji. Hakuna mzee aliyeng'oa mringaringa ili mgomba upate pa kukaa, na sisi hatuna haja ya kuung'oa ili bogenvilia ipate ukuta.

Watu wana sababu zao, na nyingine ni za kweli. Fundi ujenzi atakwambia, "Mangi, huu mti utatuvunjia msingi." Ana hoja, ikiwa mti uko karibu na nyumba. Lakini mara nyingi anayasema hayo kwa mti ulio pembeni kabisa mwa kiwanja, kwa kuwa lori la mchanga linataka njia ya mkato. Mwambie azunguke. Sababu ya pili ni majani, kwamba yanachafua uwanja. Ni kweli mringaringa hudondosha majani mengi, na mama anayefagia kila asubuhi ana haki ya kulalamika. Hapo mimi huuliza kwa nini uwanja wote uwe wa saruji. Acha sehemu ya udongo chini ya mti, panda migomba miwili, majani yatakuwa na pa kwenda. Matawi makavu nayo yanahitaji kupunguzwa kabla ya upepo kuyaangusha. Hiyo ni kazi ya kawaida.

Sababu ambayo sikubaliani nayo hata kidogo ni hii: mti unachelewa. Tuangalie tunavyojenga. Wengi wetu hatujengi kwa mkupuo mmoja. Mtu ananunua kiwanja, anakaa mwaka, anaweka msingi, hela inaisha, ada za shule zinaingia, msingi unaota nyasi. Anapandisha kuta, anasubiri tena bati. Kuna nyumba hapa Moshi zimechukua miaka kumi na kitu kufika kwenye rangi, na si aibu, ndivyo mishahara yetu inavyoruhusu. Muda wote huo kiwanja kiko wazi kwenye jua, hakizai chochote. Mringaringa uliopandwa siku ile ya kuweka mipaka ungekuwa umeshapita urefu wa linta. Mafundi wenyewe wangechanganyia zege kivulini. Siku ya kuhamia, unakuta mti unakusubiri.

Bogenvilia haihitaji muda huo. Ukiipanda wiki unayohamia, rangi utaipata bado ukiwa unatafuta mapazia. Kwa hiyo ni kosa la mpangilio tunalolifanya: kinachokua haraka tunakiwahi, kinachohitaji miaka tunakiacha hadi miaka imekwisha. Na yule aliyenunua kihamba chenye mti tayari ndiye ananiuma zaidi, maana alikuwa ameshapewa hiyo miaka bure, pengine na babu ya mtu aliyemuuzia, akaikata kwa asubuhi moja na kuuza mbao.

Kama kiwanja chako ni cha mita 20 kwa 20, mti mmoja unatosha. Uweke upande wa magharibi, kwa sababu jua la alasiri ndilo linalopasha kuta joto mnalolala nalo. Uachie nafasi ya kutosha kutoka msingini, usiusogeze sana kwenye mpaka, na ongea na jirani mapema ili matawi yasije kuwa kesi ya balozi wa nyumba kumi. Miche si lazima ununue. Chini ya mringaringa mkubwa huwa na maotea. Omba mmoja kwa ndugu aliyebaki kijijini, ung'oe na udongo wake asubuhi na mapema, uupande mvua za masika zikishakolea. Uzungushie miiba mbuzi wasiufikie, na kiangazi cha kwanza uupelekee maji. Kama huishi hapo, mlipe kijana wa jirani kidogo. Mchoro wa nyumba uchorwe ukijua mti uko wapi, na shimo la choo liende upande mwingine.

Bogenvilia iwekwe upande wa pili, ukutani, mbali na shina la mringaringa isije ikaupanda. Tawi utalipata kwa jirani yeyote, siku yoyote.