Barua ya tuzo yenye deni ndani yake

Machi 2025 binti yangu alipata barua ya chuo. Tuko Columbus, Ohio, theluji nje imeshageuka tope, na mtoto kakaa jikoni hata buti hajavua. "Baba, wamenipa tuzo!" Na kweli neno lenyewe lilikuwapo juu ya karatasi, tuzo, na chini yake jumla ya dola elfu thelathini na ushei. Mama yake akapiga kigelegele. Mimi nikatafuta miwani.

Mstari wa kwanza ulikuwa ruzuku ya serikali kuu, ile inayoitwa Pell. Wa pili punguzo la chuo chenyewe. Wa tatu mkopo wa mwanafunzi. Wa nne, uliobeba karibu nusu ya hesabu yote, mkopo wa mzazi. Mzazi ni mimi. Chuo kimechukua deni ambalo sijaliomba, kikalitia kwenye zawadi, kisha kikampongeza mwanangu.

Nilidhani ni tabia ya chuo kile tu. Kumbe ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani ilizichunguza barua za aina hii na mwaka 2022 ikatoa makadirio kwamba asilimia 91 ya vyuo ama havitaji gharama halisi itakayoitoka familia, ama vinaitaja pungufu. Muuza samaki wa Chake Chake akiuza hivyo hamalizi soko na kofia kichwani.

Na huo mkopo wa mzazi msiuone hivi hivi. Kwa mwaka wa masomo 2025/26 riba yake ni asilimia 8.94, na kabla hujaishika pesa yenyewe wanakata ada ya asilimia 4.228. Ukikopa dola 10,000, chuo kinapokea kama 9,577, nawe unadaiwa elfu kumi kamili na riba juu yake. Habari ya riba kwa sisi tuliosomeshwa Kurani chuoni kwa maalimu kabla ya kwenda skuli siifungui hapa, maana ina wenyewe. Nasema tu kwamba usiku ule sikulala vizuri.

Nyumbani huwa naulizwa: si serikali ya huko inasomesha watu? Inasomesha, tena toka sheria ya elimu ya juu ya 1965 aliyoitia saini Rais Johnson. Ruzuku ya Pell sasa hufika dola 7,395 kwa mwaka, na hairudishwi. Lakini katikati ya miaka ya sabini kiwango cha juu cha ruzuku hiyo kikifunika zaidi ya robo tatu ya gharama za chuo cha umma, na leo kinagusa kama theluthi tu. Ruzuku ilitembea, bei ikakimbia. Mwaka 1987 William Bennett, waziri wa elimu wa Reagan, alidai kwamba msaada wenyewe ndio unaovipa vyuo ujasiri wa kupandisha ada. Wachumi wanabishana hadi leo. Mimi si mchumi, ila nimekulia Pemba na nimeona bei ya ndizi inavyofanya Ramadhani ikiingia, muuzaji akishajua kila mtu lazima afuturu na kila mtu ana chochote mfukoni.

Ndiyo maana sioni faida ya mageuzi yanayomshughulikia mwanafunzi peke yake: fomu fupi, fomu ndefu, riba juu, riba chini. Anayepanga bei ni chuo. Anayeandika barua ni chuo. Mtoto akishindwa kulipa miaka kumi baadaye, chuo kimeshakula chake zamani. Sheria iliyosainiwa Julai 4, 2025 imegusa hilo kidogo: kozi ambayo wahitimu wake wanapata kipato cha chini kuliko watu walioishia sekondari itanyimwa mikopo ya serikali. Hapo nawapa heko. Sheria hiyo hiyo imeuwekea kikomo mkopo mpya wa mzazi kuanzia Julai 2026, dola 20,000 kwa mwaka na 65,000 kwa kila mtoto. Hapo sina hakika, kwa sababu ada haikuwekewa kikomo, na mzazi aliyekwama atabisha hodi benki, ambako masharti ni makali zaidi.

Binti yangu aliikataa ile tuzo. Anasoma chuo cha jamii, miaka miwili ya kwanza kwa bei nafuu, kisha atahamia chuo kikuu. Alilia siku mbili.

Sasa nyumbani Zanzibar. Sisi ni watu wa Septemba 23, 1964, siku Mzee Karume alipotangaza elimu bila malipo, na bado tuna desturi ya kuona kwamba masomo hayauzwi. Mpwa wangu kutoka Wete anasoma Dar es Salaam. Ada yake mtoto wa Kimarekani akiisikia atadhani kakosea kusikia. Na deni la bodi ya mikopo ya Bara, ambayo vijana wetu nao huomba, limeondolewa toka 2021 ile asilimia 6 iliyokuwa ikiongezwa kila mwaka kulinda thamani ya mkopo. Wanaopata ajira hukatwa asilimia 15 ya mshahara, jambo linalouma, lakini deni halizai watoto usiku. Hilo tulishike kwa mikono miwili.

Kinachotuvunja ni mambo madogo. Muhula wa kwanza wa mpwa wangu, bumu, ile pesa ya kujikimu inayotoka kwenye mkopo, lilichelewa kwa sababu chuo chake kilikuwa hakijakamilisha sahihi za wanafunzi. Wiki sita alibebana na mwenzake kitanda kimoja, futi mbili na nusu, mmoja kichwa huku mmoja kule. Dada yangu akinitumia ujumbe wa sauti: "Kaka, mtoto anakula mara moja." Nilituma. Si kila mpwa ana mjomba Ohio.

Na kabla ya bumu kuna safari ya kuthibitisha umasikini. Cheti cha kuzaliwa kihakikiwe, mdhamini apatikane, sheha, yaani kiongozi wa serikali wa mtaa, agonge muhuri. Sheha hayupo, kaenda mazikoni, rudi kesho. Huku Marekani siku hizi fomu ya kuomba msaada inazichota taarifa za kipato moja kwa moja kutoka mamlaka ya kodi. Shemeji yangu ni mkulima wa karafuu, na karafuu zote kisheria zinauzwa ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar. Kila kilo aliyopeleka imepimwa na kuandikwa. Serikali inazijua karafuu zake kuliko anavyozijua yeye, halafu inamtuma mwanawe kwa sheha kuuliza kama baba ana uwezo!

Nilimpigia shemeji kumweleza wazo langu kwamba bodi isome rekodi hizo. Akacheka. "Mwaka gani sasa shemeji? Mwaka wa mavuno makubwa au huu ambao mikarafuu imenitazama tu?" Kanipata. Fomu ya Marekani hutazama kipato cha miaka miwili nyuma, na kwa mtu wa mshahara ni sawa. Kwa mkulima wa karafuu miaka miwili nyuma inaweza kuwa ule mwaka alioezeka bati, na mtoto akanyimwa mkopo kwa bati. Basi wachukue wastani wa misimu minne au mitano. Hesabu yenyewe ni ya darasa la sita.

Shemeji anasema stakabadhi zake za karafuu zimo kwenye mkebe wa biskuti juu ya kabati, ila nyengine zimeliwa na mende. Nimemwambia asizitupe.