Kota ya zamani yenye sola mpya: Jinja unanunua nini hasa?

Tangazo ni fupi: nyumba ya safu mjini Jinja, Uganda, vyumba viwili na sebule, ya enzi za mkoloni, imekarabatiwa, ina sola, taa za LED na tangi la kupasha maji kwa jua. Bei iko juu kuliko ya jirani anayechangia nayo ukuta, na dalali anasisitiza kwamba pesa hiyo ya ziada itajirudisha yenyewe kwenye Yaka, yaani mita ya umeme wa kulipia kabla. Nyumba naiona nzuri kuliko dalali anavyojua kuieleza. Bei ya hivyo vitu vipya ndiyo inayonipa shida.

Nianze na nyumba. Bwawa la umeme la Owen Falls lilipofunguliwa mwaka 1954, viwanda vilimiminika Jinja, na wafanyakazi walihitaji pa kulala. Kota za miaka ile zilijengwa na watu waliojua joto la hapa: matofali mazito, dari ya juu, matundu ya hewa juu ya madirisha, baraza mbele. Nyumba za katikati ya safu hazipigwi na jua ubavuni, kwa hiyo saa nane mchana ndani bado panakalika bila feni. Tena matofali yake yalishachomwa zamani. Anayejenga upya nje ya mji ataanza na tanuru, na tanuru linakula miti. Akiba hiyo haiandikwi kwenye tangazo lolote, nami naihesabu ya kwanza.

Sasa Yaka. Uniti 15 za kwanza za mwezi zina bei ya chini kabisa. Kutoka 16 hadi 80 unalipa bei kamili. Kutoka 81 hadi 150 bei inashuka hadi karibu nusu, maana serikali inataka watu wapikie umeme waachane na makaa. Familia iliyokuwa inatumia uniti 140 ikashuka hadi 70 haijakata gharama kwa nusu, kwa sababu uniti 60 kati ya zile 70 ilizookoa ni za bei nafuu. Na familia ndogo inayotumia uniti 20 kwa mwezi karibu haina cha kuokoa. Kwa hiyo muuzaji anayesema bili itapungua nusu aulizwe: nusu ya bili ya nani?

Taa za LED hazistahili hata kutajwa, kila duka la mtaani linaziuza. Tangi la maji moto ni habari nyingine. Shawa ya umeme ya kilowati 3.5, watu wanne, dakika kumi kila mmoja kila siku, inakula uniti 70 kwa mwezi. Nyumba iliyokuwa na shawa ya namna hiyo itaona tofauti kubwa. Waliokuwa wakichemsha maji ya kuoga kwa sigiri watapunguza makaa, na hilo nalo ni nafuu kubwa kwa mfuko na kwa mapafu ya anayekaa jikoni. Hapo muuzaji ana haki ya kudai bei.

Paneli zenyewe zinaweza kuishi miaka 25, ila betri za asidi zikitumiwa kila usiku mara nyingi huchoka ndani ya miaka mitatu hadi mitano, kwa hiyo uliza umri wa betri kabla ya kusifu paneli. Uliza pia kama sola imelipwa yote. Mitambo mingi huuzwa kwa malipo ya kidogo kidogo kupitia simu, na deni lisipolipwa kampuni huuzima mtambo ikiwa mbali. Hapa karibu na ikweta, paa kuelekea kaskazini au kusini si neno kubwa. Kivuli ndicho tatizo, na jirani wa safu akiongeza ghorofa, jua lako la asubuhi au la jioni linakwenda. Halafu radi. Eneo la Ziwa Victoria ni miongoni mwa yanayopigwa na radi nyingi zaidi duniani. Mtambo usio na waya wa kushuka ardhini ni hatari kwa safu nzima.

Lakini kilicho kizito kuliko vyote ni paa. Simama uani, utazame. Kama mapande yake ni ya kijivu, manene, yenye mawimbi mapana na ukungu mweusi, kuna uwezekano mkubwa ni asbesto, saruji iliyochanganywa na nyuzi za madini, iliyotumika sana kwenye majengo ya enzi hizo. Paa hilo likiachwa bila kuvunjika hatari yake ni ndogo. Sasa fuata miguu ya paneli kwa macho: kila bolti imepita kwenye tundu, na kila tundu limetobolewa kwa drili. Vumbi lililoruka lina nyuzi zisizoonekana, zikiingia mapafuni nyingine hukwama humo kwa miaka, na saratani yake huweza kujitokeza baada ya miaka 20 au 40. Kwenye baadhi ya kota nafasi iliyo juu ya dari inapita safu nzima bila kizuizi, hivyo vumbi la nyumba moja linaweza kuwashukia watoto wa nyumba ya tatu. Mkarabati wa namna hii hajaongeza thamani, ameharibu kitu kilichokuwa kimetulia. Paneli zingeweza kusimamishwa uani juu ya nguzo za chuma.

Kuna na karatasi. Waasia walipofukuzwa mwaka 1972, nyumba nyingi za Jinja ziliingia mikononi mwa bodi ya kutunza mali zao, na sheria ya 1982 ikafungua njia ya kuzirudisha. Katikati hapo zilipita mikono mingi. Tafuta rekodi kwenye ofisi ya ardhi ya kanda, na uangalie lizi, yaani mkataba wa kukodi ardhi, imebakiza miaka mingapi. Paneli za miaka 25 juu ya lizi iliyobakiza tisa ni pesa ya kumpa mwenye ardhi.

Muuzaji atasema mjini viwanja havipatikani, na maji ya bomba, maji taka na soko viko hapo hapo. Ni kweli, ndiyo maana nisingeikimbia nyumba hii. Ningetoa bei ya jirani, niongeze tangi la maji moto, paneli nizihesabu kama vitu vilivyotumika. Paa likiwa la asbesto iliyotobolewa, ningekata kwenye bei gharama yote ya kuliondoa kwa mafundi wenye vifaa vya kujikinga. Kazi hiyo haifanyiki kwa nyumba moja, kwa hiyo kabla ya kutoa amana ningetaka wenye nyumba wote wa safu waandikishane kubadilisha paa pamoja, mwenyekiti wa LC1, baraza la mtaa, apige muhuri. Wakikataa, bei ishuke tena.