Kabla ya Kuamini Nyuzi, Tazama Mguu Ulivyosimama

Ripoti ya eksirei ya goti bandia ikiandika kwamba mguu una nyuzi 4 za matege, wengi huipokea namba hiyo kana kwamba imepimwa juu ya mfupa wenyewe. Kilichopimwa ni kivuli cha mfupa, na kivuli hubadilika kwa jinsi mtu alivyosimama.

Kipimo chenyewe si kigumu. Alama moja huwekwa katikati ya kichwa cha fupa la paja, ya pili katikati ya goti, ya tatu katikati ya kifundo cha mguu. Mstari ukipita moja kwa moja, pembe ni nyuzi 180; nyuzi za matege ni kiasi ambacho goti limetoka nje ya unyoofu huo. Picha fupi ya goti haina nyonga wala kifundo, hivyo mpimaji hulazimika kufuata mhimili wa fupa la paja, yaani mstari unaopita katikati ya mfupa wenyewe, ambao kwa kawaida huachana na mhimili wa mzigo, ule mstari wa kutoka kichwa cha fupa hadi katikati ya goti, kwa nyuzi 5 hadi 7, tena si kwa kiasi kilekile kwa kila mtu.

Hata picha ndefu, inayoanzia nyongani hadi kifundoni mgonjwa akiwa amesimama, inaweza kudanganya. Wiki za mwanzo goti limevimba na halijanyooka sawasawa, mgonjwa anaegemea mguu mzima, na ule uliopasuliwa anaugeuzia nje. Goti lililokunjika kidogo na kugeukia nje hutokea kwenye picha kama lenye matege, ingawa viungo bandia vimekaa vizuri kabisa. Ndiyo maana mimi huanza na pia ya goti: imekaa katikati, au imekimbilia pembeni? Kisha hutazama ule mfupa mwembamba ulio kando ya muundi, kwani kichwa chake kikijificha sana nyuma ya muundi, mguu uligeuzwa nje, na namba hiyo siiamini.

Ule mpaka mashuhuri wa nyuzi 3, kwamba mguu ukiachana na unyoofu kwa zaidi ya hapo huhesabiwa umepinda, nao tumeufanya hukumu. Utafiti wa Ubelgiji uliochapishwa mwaka 2012, uliopima watu wazima 250 wenye afya, ulikuta asilimia 32 ya wanaume na asilimia 17 ya wanawake wana matege ya asili ya nyuzi 3 au zaidi. Kwa hiyo, kabla ya kumwambia mtu kwamba mguu wake umepinda, ningeomba picha yake ya kabla ya upasuaji, na nyingine mpya itakayopigwa goti likishanyooka.