Heidenheim haikubebwa na muujiza

Kila inapotajwa klabu ya soka ya Ujerumani ya 1. FC Heidenheim 1846, watangazaji hukimbilia neno muujiza. Mji wenyewe, ulio kando ya mto Brenz katika jimbo la Baden-Württemberg, una wakazi wapatao 50,000 tu, na uwanja wake wa Voith-Arena, uliojengwa kilimani mita 555 juu ya usawa wa bahari, hubeba watazamaji 15,000. Kwa mji wa namna hiyo kuikaribisha Bayern Munich katika mechi ya ligi ni jambo la kustaajabisha, sikatai. Hata hivyo, kuliita muujiza ni kuwapunja watu walioifanya kazi hiyo kwa miaka mingi bila kamera kuwamulika.

Mwaka 1846 ulio kwenye jina la klabu ni wa kuanzishwa kwa chama cha mazoezi ya viungo mjini hapo. Soka lilikuja mwaka 1911, na kwa miongo mingi lilikuwa idara mojawapo tu ya chama cha michezo mbalimbali, ambacho tangu mwaka 1972 kiliitwa Heidenheimer SB. Klabu tunayoijua leo ilizaliwa Januari 2007, pale idara ya soka ilipojitenga ili ijiendeshe yenyewe. Kwangu mimi, uamuzi huo wa makaratasi una uzito kuliko bao lolote lililofungwa baadaye, na nyuma yake alikuwapo Holger Sanwald, aliyekuwa akiiongoza idara hiyo tangu miaka ya 1990, timu ikiwa bado inahangaika katika ligi za chini za mkoa.

Fedha nazo zisisahaulike. Heidenheim ni mji wa viwanda: hapo ndipo yalipo makao makuu ya Voith, kampuni ya mitambo ya kutengenezea karatasi na kufua umeme wa maji, na ya Hartmann, inayotengeneza bandeji na vifaa vya tiba. Kampuni hizo ziliidhamini klabu ya nyumbani kwao, kwa hiyo anayedhani timu hii ilipanda kwa moyo tu anajidanganya. Lakini udhamini wa viwanda vya mji si sawa na tajiri mmoja kuibeba timu mgongoni, kama Dietmar Hopp alivyoibeba Hoffenheim.

Septemba 2007 kocha wa wakati huo aliondoka, na Frank Schmidt, mzaliwa wa mji huo aliyekuwa ametoka tu kustaafu uchezaji, akaombwa aishikilie timu kwa mechi mbili. Akabaki moja kwa moja. Timu ilikuwa daraja la nne. Mwaka 2009 ilifika daraja la tatu, na mwaka 2014 ikatwaa ubingwa wa daraja hilo na kupanda la pili, chini ya unahodha wa Marc Schnatterer. Mwaka 2020 ilifika mchujo wa kuingia Bundesliga, ligi kuu ya Ujerumani, ikatoka sare ya 0-0 na 2-2 na Werder Bremen, ikakwama kwa sheria ya bao la ugenini, iliyompa ushindi aliyefunga mabao mengi zaidi ugenini. Kwingineko kocha angefungishwa virago baada ya pigo kama lile. Heidenheim hawakumgusa.

Kisha ikaja Mei 28, 2023, siku ya mwisho ya msimu wa daraja la pili, mjini Regensburg. Heidenheim ilikuwa nyuma kwa mabao 2-0, na hata ilipofika dakika ya 90 bado ilikuwa nyuma kwa 2-1. Huko Sandhausen, mashabiki wa Hamburg, klabu iliyowahi kuwa bingwa wa Ulaya na iliyokuwa ikigombea nafasi hiyo hiyo ya kupanda, walikwisha kuvamia uwanja wakishangilia kupanda daraja. Dakika ya tatu ya nyongeza Jan-Niklas Beste akafunga penalti. Dakika ya tisa Tim Kleindienst akatumbukiza bao la tatu. Heidenheim ikapanda, tena kama bingwa, na Hamburg ikarudishwa kwenye mchujo, ambako ilipigwa na Stuttgart.

Msimu wa kwanza wa Bundesliga ilimaliza ya nane, ikaifunga Bayern 3-2 baada ya kutanguliwa 2-0, na kupata tiketi ya Ligi ya Konferensi ya Ulaya. Hapo ndipo udogo ulipodai malipo yake: Kleindienst akaenda Mönchengladbach, Beste akaenda Benfica, na waliobaki wakalazimika kucheza katikati ya wiki na wikendi pia. Msimu wa 2024/25 uliisha wakiwa nafasi ya 16, wakaingia mchujo wa kubaki Bundesliga dhidi ya Elversberg, klabu ya mji mdogo kuliko wao. Sare ya 2-2 nyumbani, ushindi wa 2-1 ugenini, bao la Leo Scienza likipatikana dakika za nyongeza.

Katika msimu wote huo mbaya, Schmidt aliendelea kukaa kwenye benchi lake. Naamini uongozi haukuhitaji ujasiri mkubwa kumwacha, kwa kuwa ulikwisha kumwona akishindwa na kuinuka tena tangu enzi za daraja la nne.