Iige Tuisikie

Fundi aliegemea boneti, akafumba macho, akasema, "Haya Mwalimu, iige."

Nikatazama huku na huku. Gerejini pale hawakupungua watu kumi: mafundi, vijana wao waliopakaa oili mpaka kwenye kope, madereva wa Fuso waliosubiri pancha zao, na mama muuza maandazi. Wote walikuwa wamenyamaza. Nikasafisha koo.

"Ngurrru-ngurrru-ngurrru."

"Ngurru au ngwaru?"

"Ngurru."

"Rudia, sasa kama unakata kona."

Nikarudia huku nimeinamisha bega. Dereva mmoja wa Fuso akageukia ukutani, mabega yanamtikisika.

Gari lenyewe ni Land Rover 110 ya mwaka 1987, miaka mitatu kabla hazijaanza kuitwa Defender. Nililinunua kwa mjomba wangu alipostaafu. Injini ni dizeli ya lita 2.5 isiyo na tabo, kwa hiyo ule mlima wa kutoka Ipogolo kuja Iringa mjini tunaupanda kwa gia ya pili na sala. Na kelele kwenye gari la umri huu si habari. Milango inagonga, vioo vinatetemeka, kiti cha nyuma kinaguna hata kama hakijakaliwa. Mwenye gari la namna hii siku likinyamaza ndipo anasimama pembeni kuangalia kimedondoka nini.

Lakini hii ilikuwa kelele mgeni. Ilianza mwezi wa tano, niliporudi Kilolo kwenye msiba, barabara ikiwa tope la magotini. Nami nafundisha Fizikia sekondari. Mada ya mawimbi naifundisha kwa mbwembwe, nagonga uma ya sauti mpaka wanafunzi wa nyuma wanaamka. Nikajiambia, mtu anayejua masafa ya sauti atashindwaje na kelele ya gari?

Nikaanza uchunguzi na daftari mkononi. Gari likiwa limesimama, nyutro, nikakanyaga mafuta: kimya. Basi si injini. Nikakanyaga klachi na kuiachia: hakuna jipya, nikaisamehe rilizi beringi, ile beringi ya klachi. Nikaenda kilomita 30 kwa saa kwa gia ya pili, halafu mwendo uleule kwa gia ya tatu. Injini ilibadilisha sauti, kelele haikubadilika hata kidogo. Hapo nikajua mchawi anafuata magurudumu, hafuati injini: ni propela, ule mhimili unaozunguka kupeleka nguvu kwenye magurudumu; au difu, inayoigawa nguvu hiyo; au beringi za habu, yaani kitovu cha gurudumu. Nikapiga mstari mwekundu chini ya sentensi hiyo, kama ninavyowapigia wanafunzi.

Beringi ya habu hupimwa kwa kuyumbisha gari. Ukikata kushoto, uzito unalalia magurudumu ya kulia, na beringi ya kulia kama imechoka italalamika zaidi. Basi nikashuka barabara ya Kihesa asubuhi ya Jumapili nikiyumba, kushoto, kulia, kushoto, kulia, kichwa kimetoka dirishani, sikio limeelekea tairi. Trafiki alikuwa chini ya mti.

"Mzee, ulanzi wa saa ngapi huu?"

"Hapana afande. Nasikiliza beringi."

"Inasemaje?"

Nikaiga. Akanirudishia leseni bila kuiangalia, akaniambia nirudi nyumbani nikapumzike.

Sasa turudi gerejini. Kwa ile ngurru yangu Fundi hakuwa na namna. Alipiga jeki upande wa mbele kulia, akakamata tairi juu na chini, akatikisa. Lilicheza kidogo, kama jino la mtoto wa darasa la kwanza. "Kwa jinsi ulivyoiga," akasema, "ni habu." Kila habu ina beringi mbili, zikabadilishwa zote na sili yake. Nikatoa 85,000, nikaondoka nikipiga honi. Sikuwa nimemaliza hata mita 100 nikaisikia ileile, imetulia mahali pake, kama mgeni aliyeambiwa chakula kimeisha na bado yupo.

Wiki iliyofuata nilikwenda na mama watoto, kwa kuwa tulikuwa tunapitia sokoni. Fundi akafumba macho, nami nikasafisha koo. Mama watoto akanishika mkono.

"Baba, acha. Wewe huigi gari, unajiiga mwenyewe."

Ni kweli kwamba kwenye kwaya ya mtaa mimi ni besi. Yeye ni sauti ya kwanza. Kila ninachokiiga kinashuka chini, hata paka. Akamgeukia Fundi na kuiga polepole, bila aibu yoyote: "Likianza kuondoka linasema kwi-kwi-kwi-kwi, kama vifaranga waliofungiwa kwenye boksi. Likishika mwendo vile vifaranga vinaungana, ndipo linanguruma. Na akibadilisha gia kuna kitu chini kinaitikia: ko!"

Fundi akafumbua macho. "Shemeji, ungekuja wiki iliyopita! Hiyo si habu. Hiyo ni kros."

Kros ni kile kiungo chenye umbo la msalaba kinachoiwezesha propela kuzunguka huku ikipinda, gari linapopanda na kushuka kwenye springi. Ndani ya vikofia vyake vinne mna vijiti vyembamba kama sindano vinavyotembea kwenye grisi. Maji na tope la Kilolo vikiingia, grisi inatoka, sindano zinabaki zinasagana zenyewe kwa zenyewe. Mwanzo kinalia kama kifaranga. Mwisho propela inaweza kukatika barabarani.

Tatizo Land Rover ina propela mbili, ya mbele na ya nyuma, na kila moja ina kros zake mbili. Fundi alizitikisa zote kwa mkono, zote zikacheza. Gari zima linacheza, ukitaka ukweli. "Njia rahisi," akasema, "fungua propela ya nyuma, ufunge difu loki, litembee kwa miguu ya mbele peke yake. Kelele ikiisha, ugonjwa uko nyuma." Difu loki ni lazima, kwa kuwa gari hili huvuta kwa magurudumu yote manne muda wote kupitia difu ya katikati. Ukitoa propela moja bila kuifunga hiyo difu, nguvu yote inakimbilia kule kusiko na kazi.

Alikuwa na foleni ya magari sita. Nikamwambia hiyo kazi nitaifanya mwenyewe nyumbani. Akaanza kunipa maelekezo, na alipofika mwisho kijana mmoja akawasha kompresa. Niliona midomo yake ikisema kitu kuhusu breki ya mkono. Nikatikisa kichwa kama niliyesikia. Walimu tunakijua vizuri kichwa cha aina hiyo, wanafunzi wanatutikisia kila siku.

Nyumbani kwangu ni Gangilonga, chini ya lile jiwe ambalo jina lake kwa Kihehe maana yake ni jiwe linaloongea. Ni mtelemko. Niliegesha pua ikiwa juu, nikavuta breki ya mkono mpaka ikalia, nikaingiza gia ya kwanza, nikaweka mawe mawili nyuma ya matairi. Nikaingia uvunguni.

Nati za propela zilinitoa jasho. Spana ya 14 haiingii, ya 15 inacheza na kulamba kona. Mzee wa jirani, dereva mstaafu, alinichungulia, akaenda kwake, akarudi na spana moja nyeusi ya inchi, 9/16, akanikabidhi kama anakabidhi mkuki wa ukoo. Iliingia kama kidole kwenye pete. Nati nne za mbele, nne za nyuma, propela ikashuka kifuani kwangu.

Nikatoka nimejaa vumbi na ushindi. Nikaondoa yale mawe. Nikasimama nje, mlango wazi, nikaingiza mkono nitoe gia ili nipate kuusukuma mkono wa difu loki.

Sasa, breki ya mkono ya Land Rover hizi haishiki magurudumu kama ya magari ya watu wengine. Ni ngoma moja iliyoko nyuma ya giaboksi ndogo, nayo hushika propela ya nyuma. Propela ya nyuma ilikuwa imelala kwenye majani kando ya mguu wangu. Gia ilipokuwa imeingia, injini na ile breki vilisaidiana kulizuia gari. Nilipoitoa, difu ya katikati, ambayo nilikuwa bado sijaifunga, ikaona haidaiwi chochote na mtu.

Land Rover ikaanza kuondoka. Kinyumenyume, taratibu, kwa heshima, kama mgeni anayeaga.

Chini yangu kuna bustani ya bibi mmoja mtu mzima sana, alikuwa ameinama kwenye matuta, mbali kidogo na njia ambayo gari lilikuwa limeichagua. Nilikimbia nikiwa nimeshika mlango. Miguu inataka kuruka ndani, mlango unanisukuma nyuma, mdomo unataka kupiga kelele. Lakini malezi ni malezi.

"Shikamoo bibi! Gari!"

"Marahaba mwanangu," akaitikia bila kuinua kichwa. "Unalipeleka wapi?"

Lilipita ua wa michongoma, likapita tuta la mchicha, likapita tuta la figili, likaketi kwenye lundo la samadi, likatulia. Na katika mbio zile zote, nakuapia, nilichokuwa nakisikia kilikuwa kimoja tu: kimya. Hakuna kwi. Magurudumu yalizunguka umbali wa nyumba mbili na hakuna kifaranga hata mmoja aliyelia. Propela ya mbele ilikuwa inazunguka, ya nyuma haipo, kelele haipo. Jaribio limekamilika, na hata mafuta sikuyachoma.

"Ni ya nyuma!" nikapiga ukelele, mikono juu. "Bibi, ni ya nyuma!"

Bibi akanyooka, akaangalia figili zake, akaniangalia mimi. "Ya nyuma ndiyo, mwanangu. Hata mimi nimeiona ikiingia."

Kwenye samadi magurudumu ya mbele peke yake yaliteleza tu, vijana sita wakasukuma bila mafanikio. Ikabidi niifunge ileile propela mbovu palepale, nimelala chali mahali ambapo sitaki kupaelezea. Nilipowasha na kupanda, vifaranga vikaanza: kwi-kwi-kwi-kwi. Bibi akashika kiuno. "Kumbe ndilo hili! Kila asubuhi nasikia, nasema mwalimu naye siku hizi anafuga."

Figili nilizilipa. Mchicha aliusamehe.

Fundi alipoifungua ile kros ya upande wa difu, vikofia vikamwaga unga mwekundu kama wa ulezi. Sindano hazikuwepo tena. Pale pa kupigia grisi palizibwa na tope la Kilolo lililokauka kama saruji. Akapachika kros mpya, na ya upande wa pili pia, akataka aifunge propela mwenyewe. Nikakataa. Spana ya 9/16 bado nilikuwa nayo, na mtu ukishakuwa na spana ya inchi unaanza kuwa na mawazo. Nyumbani, kabla ya kuifunga, nikaona ni busara kuichomoa propela pale katikati inapoingiliana, niisafishe, niipake grisi safi. Nikaichomoa, nikaipaka, nikairudisha.

Vifaranga vilikuwa vimehama. Lakini kuanzia kilomita 50 kwa saa kikaja kitu kingine, kioo cha ndani kikawa kinatetemeka mpaka gari la nyuma yangu linaonekana mawili.

Fundi aliponiona nashuka hakuegemea boneti. "Shemeji yuko wapi?"

"Yuko kazini. Lakini Fundi, hii siyo ya kwake. Hii ni ya besi kabisa."

Akafikiri. Akafumba macho shingo upande. Kompresa ikazimwa, mama wa maandazi akaweka sinia chini. Nikavuta pumzi kutoka tumboni, jinsi mwalimu wa kwaya anavyotufundisha, nikaitoa: "Vuuu-vuuu-vuuu-vuuu."

Ilikuwa yenyewe. Hata mimi nilijisikia natetemeka.

Fundi akafumbua macho polepole. "Mwalimu. Uliichomoa propela katikati?"

Nikanyamaza.

"Na kabla ya kuichomoa, uliweka alama, ili vichwa viwili virudi vikiwa vimelingana?"

Nikamwangalia mama wa maandazi. Nikaagiza mawili.