Shemeji, Mpira Umekwisha

Kwanza nijitetee. Mpira wa mikono naujua. Nimeucheza UMISSETA, mashindano ya shule za sekondari, tena golini. Sawa, nilikuwa kipa wa akiba, lakini kipa wa akiba ndiye anayeuona mchezo vizuri kuliko wote, maana hana kazi nyingine. Uwanja wetu ulikuwa wa vumbi, magoli ya miti, na mpira wenyewe ulikuwa wa miguu uliopunguzwa upepo ili mkono uukamate. Kwa hiyo mtu asije akaniambia kwamba yaliyonikuta Köln, Ujerumani, yalinikuta kwa sababu ya ugeni.

Januari 2024 shemeji yangu, kaka wa mke wangu, alitutembelea kutoka Tanga. Alifika na koti alilonunua mtumba, kubwa mpaka likawa linamtembeza yeye. Tukampokea vizuri, akala, akalala, na siku ya tatu tukaanza kugombana. Hatukugombania siasa wala pesa, tuligombania kilo. Aliyewahi kuishi nje anaelewa. Mgeni anaruhusiwa mabegi mawili ya kilo 23 kila moja, na katika kichwa cha mwenyeji kilo zile 46 ni za kwake. Nilikuwa na blenda ya mama yangu, mpya, ndani ya boksi lake, niliyomwahidi tangu Ramadhani iliyopita. Shemeji naye alikuwa na viatu vya kupeleka dukani kwake, jozi baada ya jozi, na kila nikimtajia blenda anaanza kuzungumzia baridi.

Sasa mwezi huohuo Ujerumani ilikuwa imeandaa mashindano ya Ulaya ya mpira wa mikono kwa wanaume, timu za taifa. Hapa mchezo huu si wa mzaha. Mechi ya ufunguzi waliipeleka Düsseldorf, ndani ya uwanja wa mpira wa miguu, wakaingia watu 53,586, rekodi ya dunia, kuwaangalia Wajerumani wakiwafunga Waswisi 27 kwa 14. Tuliitazama sebuleni, mimi nikitangaza na Shemeji akiuliza maswali. Hapo ndipo nilipojikabidhi cheo cha mwalimu. Nikamfundisha kwamba timu ina watu saba, vipindi viwili vya dakika 30, na ule mstari wa mita sita hakanyagi mtu isipokuwa kipa. Faulo ikitokea mbele ya goli, mpira unaanzia kwenye mstari wa vitonevitone, mita tisa.

"Na muda ukiisha?" akauliza.

"Muda ukiisha umeisha, Shemeji. Huku ni Ujerumani."

Nilikuwa na tiketi mbili za nusu fainali, Ijumaa tarehe 26, ukumbi wa Lanxess Arena, hapo Deutz, ng'ambo ya mto kutoka kwenye kanisa kuu. Mechi mbili kwa mpigo, Ufaransa na Uswidi jioni, kisha Wajerumani na Denmark usiku. Tiketi moja ilikuwa ya mke wangu, lakini alipangiwa zamu ya usiku, akasema mpeleke kaka yangu. Nikampeleka, na njiani ndani ya treni nikaona nafasi ya kumaliza suala la kilo kiume.

Shemeji alikuwa upande wa Ufaransa. Sababu yake ilikuwa moja tu, "Wale wamejaa watoto wetu." Mimi, mtaalamu, nikachukua Uswidi. Nikasema Uswidi wakishinda, blenda inaingia kwenye begi lako. Ufaransa wakishinda, kilo zote 46 ni zako na sitatamka tena neno blenda mpaka unapanda ndege.

"Hiyo si kamari?" aliuliza. Shemeji ni mtu wa msikitini.

"Si kamari. Ni makubaliano ya mizigo."

Akafikiri kituo kizima, akanipa mkono.

Viti vyetu vilikuwa juu kabisa, karibu na taa, lakini tuliona kila kitu. Kitu cha kwanza kilichomshangaza Shemeji ni viatu. "Mbona kila saa wanagusa viatu? Vinawabana?" Nikafurahi kuulizwa. Nikamweleza kwamba wanabandika bonge la gundi juu ya kiatu, gundi ya utomvu, rangi ya asali, na kila mara wanachota kidogo ili mpira ushike mkononi. Sikumweleza kwamba mara ya kwanza niliposhika mpira wa namna hiyo, mazoezini na timu ya mtaani hapa Köln, nilirusha kwa nguvu zote, mpira ukachelewa kuachia, ukatua kwenye vidole vyangu vya miguu. Kisha nikaenda kufungua mlango wa choo na nusu ya rangi ya kitasa nikaondoka nayo.

Akamwona na Karabatić, mkongwe wa Ufaransa. Nikamwambia yule ana miaka 39 na haya ndiyo mashindano yake ya mwisho ya Ulaya. Shemeji, ambaye ana 41 na alikuwa amehema kwa dakika kumi baada ya kupanda ngazi za kufika kwenye viti, akamwangalia yule bwana akikimbia na kugongwa, akasema polepole, "Basi mimi nimejizeesha mwenyewe."

Kufika mapumziko, Ufaransa walikuwa mbele kwa mbali. Shemeji hakusema kitu. Alitoa simu akawa anaangalia picha za viatu vyake, kimoja kimoja, kwa makusudi.

Lakini kipindi cha pili Waswidi wakaanza kurudi. Bao hili, bao lile, kipa anaokoa, tofauti inayeyuka. Wale mashabiki wao wenye njano wakaanza kuruka, nami nikawa Mswidi kamili. Wakasawazisha, wakapita mbele. Sekunde za mwisho ubao ulisoma 27 kwa 26. Wafaransa wakashambulia, mmoja akashikwa, filimbi ya faulo ikalia, na saa ikafika dakika ya 60. King'ora kikalia.

Nikasimama. Nikakung'uta suruali. Nikamwekea Shemeji mkono begani, nikamwambia kwa ile sauti ya kufariji wafiwa, "Shemeji, mpira umekwisha."

Akabaki amekaa, anakodolea uwanja. "Mbona hawajapeana mikono?"

"Mwamuzi anaandika ripoti. Hawa bila karatasi hawaendi nyumbani."

"Na wale mbona wamejipanga ukuta?"

"Wanapigwa picha."

Naapa nilisema hivyo. Wanaume sita warefu kama milango wamesimama bega kwa bega, mikono juu, mbele yao kijana wa Kifaransa ana mpira mkononi, na mimi, kipa wa akiba wa UMISSETA, nikaona wanapigwa picha.

Nikamwachia koti langu nikaenda kununua chipsi kabla watu hawajatoka. Shemeji soseji hali, hajui ina nini ndani, kwa hiyo chipsi ndizo zilizotuweka hai tangu alipofika. Nje kwenye korido, mbele ya kibanda, hapakuwa na foleni. Ukumbi wa watu karibu elfu ishirini, mechi eti imekwisha, na kwenye chipsi niko peke yangu. Mtu mwenye akili angejiuliza. Mimi nikajipongeza kwa mbio.

Nikiwa nasubiri, nikafungua kundi la familia kwenye WhatsApp, wamo watu wa kwangu na wakwe zangu wote, nikabonyeza kipaza sauti. "Asalaam alaikum. Tuko uwanjani, Waswidi wameingia fainali, na Shemeji hapa hana hali. Mama, blenda yako inakuja! Waambie na majirani!" Nikatuma.

Ukumbi ukalipuka. Sakafu ya korido ilitetemeka, vikombe vya plastiki vikagongana kwenye kaunta. Nikatabasamu, nikajua Waswidi wanasherehekea. Yule mama muuzaji hakuwa ananiangalia. Alikuwa anaangalia televisheni ndogo iliyo ukutani nyuma yangu. Kumbe televisheni ile ilikuwa inachelewa kwa sekunde kadhaa, kwa hiyo nilipogeuka nikakuta ndio kwanza yule kijana wa Kifaransa, Elohim Prandi, anajipinda. Ukuta ukanyoosha mikono. Mpira ukapita. Ukakaa wavuni. 27 kwa 27.

Kanuni ni hii, na nilikuwa naijua, wallahi naijua tangu kidato cha tatu. Filimbi ya faulo ikilia kabla ya king'ora, lazima mpira ule urushwe hata kama muda umekwisha. Mrushaji asiondoe mguu wa chini sakafuni, na wapinzani wakae mita tatu. Nimeikariri. Tatizo ni kwamba kule kwetu haikuwahi kutumika hata siku moja, kwa sababu mwalimu wa michezo akipuliza filimbi ya mwisho, wali unakuwa umeshaiva na hakuna anayebaki uwanjani.

Nikashika simu nifute ile sauti. Dole gumba lilikuwa limeshaonja chipsi moja, lina mafuta. Pale WhatsApp inapokuuliza ufute kwa wote au ufute kwako tu, dole likateleza. Nikafuta kwangu. Kwa hiyo dunia nzima ya Tanga ikabaki na ujumbe wangu, isipokuwa mimi.

Nilirudi kwenye kiti na sahani mbili za chipsi. Shemeji alikuwa amesimama, koti langu ameliweka begani kama kanga, simu juu, anarekodi. Hakunicheka. Alichukua chipsi, akaniambia kwa upole mwingi, "Wamemaliza kupiga picha."

Muda wa nyongeza ni dakika tano mara mbili, na Waswidi wakawa hawana tena miguu. 34 kwa 30. Usiku Wajerumani nao wakafungwa na Denmark 29 kwa 26, na ukumbi mzima ukanyamaza. Jirani yangu wa kushoto, mzee wa makamo mwenye skafu, aliniona nimejiinamia akanipigapiga mgongoni. Alidhani naililia Ujerumani. Nikamwacha adhani.

Kwenye kundi, kabla hatujafika nyumbani, video ya Shemeji ilikuwa imeshasambaa. Bao linaonekana vizuri sana, na pembeni, upande wa kulia, kinaonekana kiti kitupu. Mdogo wangu alikizungushia duara jekundu.

Waswidi walipeleka malalamiko rasmi, wakidai mguu wa Prandi haukutulia. Yakatupwa. Nami nikapeleka yangu kwa mke wangu aliporudi kazini asubuhi, nikimwonyesha ule mguu, polepole, mara nne. Akavua viatu, akasema, "Kaka yangu ameshafunga mabegi." Jumapili Ufaransa wakachukua kombe, 33 kwa 31 dhidi ya Denmark, nyongeza tena, na Shemeji akatazama dakika zote bila kuinuka, hata kwenda msalani alikataa. "Siondoki," alisema, "mpaka wapeane mikono."

Uwanja wa ndege mizani ilisoma 22.9 na 23.0. Viatu vitupu. Nilikuwa nimebeba blenda kwapani, endapo moyo wake ungelainika. Haukulainika. Nikarudi nayo kwenye treni, nimeipakata.

Mama akapiga siku ya pili yake.

"Shemeji yako amefika salama, kaniletea na viatu. Blenda sijaiona."

Nikamweleza. Faulo, king'ora, ukuta, mita tisa, yote.

"Kwa hiyo muda ulikuwa umekwisha, ila mpira haujaisha?"

"Ndiyo, mama."

"Na wewe hiyo kanuni hukuijua?"

"Niliijua, mama. Nimecheza."

Akanyamaza kidogo. Nyuma yake nilisikia wanawake wakiongea, na kitu kizito kikiwekwa chini.

"Mama Zubeda kaleta ndoo ya maembe," akasema. "Haya, baba. Tutakamua kwa mikono."