Kutoa bakgraundi kwa apu au kwa mkono: mafundi wa Ngamiani wanaonewa

Siku hizi hapa Tanga dizaina akikwambia picha ya bibi harusi ije ichukuliwe kesho anaonekana mvivu au mwizi, eti apu inatoa bakgraundi, yaani vitu vya nyuma ya mtu kwenye picha, dakika moja, alipwe ya nini? Hilo mtaani Ngamiani linasemwa sana, na kwa kweli mafundi wanaonewa, ingawa wanaolalamika nao wana lao.

Tangu remove.bg, tovuti ya kutoa bakgraundi yenyewe, ije mwaka 2018 kazi iliyokuwa inakula nusu saa ikawa ya sekunde. iPhone nyingi zenye iOS 16 ya 2022 na kuendelea unambonyeza mtu kwenye picha tu anatoka. Sasa dada anayeuza viatu kwa status ya WhatsApp, kapiga picha sakafuni, anatoa sakafu anaweka nyeupe, huyo dizaina wa nini? Kiatu kina ukingo mgumu, apu inakikata safi. Passport size ya nyuma ya bluu vilevile, ila kagua masikio.

Njoo kwa bibi harusi sasa. Kavaa mtandio wa shifoni, kapigwa picha kule Raskazone, hapa hapa Tanga, majani yako nyuma yake. Shifoni inaonyesha, kwahiyo kila kipande cha ule mtandio ni kitambaa na majani kwa pamoja, na apu mara nyingi inabeba mtandio na ukijani wake, ukimweka juu ya bango la dhahabu anaonekana kafunikwa ukungu, au inaukata wote na bega linabaki wazi. Hilo la bega watu wanalichukulia poa, mimi hapana. Mtu kajisitiri siku ya harusi yake halafu umfunue kwenye kompyuta bango litundikwe barabarani?

Fundi anayejua anapita na kalamu ya Photoshop, ile zana ya kuchora mstari wa kukatia, kwenye mikono ya bibi harusi na penye kingo ngumu, mtandio anautenga kwenye leya yake, yaani tabaka la peke yake, anapaka maski ya kuficha yasiyotakiwa kwa brashi laini, kisha anaanza kuutoa ule ukijani kidogo kidogo. PNG ya kawaida, faili la picha linaloweza kubeba uwazi, kila pikseli, yaani kila nukta ya picha, ina ngazi 256 za uwazi, sifuri haionekani kabisa na 255 imejaa, na kazi yote ya shifoni na nywele iko pale katikati, wala si kwenye sifuri wala si kwenye 255. Hapo ndipo muda unapokwenda na mteja haoni.

Halafu kuna hesabu ya pikseli. Hiyo remove.bg ya bure imekuwa ikitoa picha ya robo megapikseli, yaani pikseli 250,000, chukulia 500 kwa 500. Kwa status inatosha kabisa. Ukiichapa kwa pikseli 300 kwa inchi unapata kama sentimita 4 basi. Itanue ifike mita moja kwenye bango, kila pikseli inakuwa milimita 2, unaipima na rula! Utasema bango linatazamwa kwa mbali, sawa, lakini ukumbini wageni wanasimama nalo bega kwa bega wapige picha, na kope za bibi harusi ni ngazi ngazi. Lawama anabeba fundi, kumbe kaletewa PNG imeshakatwa na picha ya asili mteja kashaifuta simuni apate nafasi.

Wapo madizaina wanaobonyeza kitufe hichohicho halafu wanatoza bei ya kazi ya mkono, hao mteja ana haki ya kuwasema. Na mafundi wazuri wengi nao apu wanaitumia kuanzia, kisha wanasahihisha kwa mkono, hakuna ubaya. Kwahiyo picha ya asili mtumie fundi kama dokumenti kwenye WhatsApp isibanwe, na kabla hajapeleka kuchapa mwambie akuwekee bibi harusi juu ya nyeusi tupu halafu juu ya nyeupe tupu, kama ukingo una majani utayaona hapohapo.